Kijiweni naitwa dokta, darasani nashika mkia

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 20, nasoma udaktari mwaka wa kwanza hapa Dar, chuo sitakitaja. Nyumbani ni Kilwa, mama anakaanga samaki jioni anauza na kaka yangu mkubwa anaendesha bodaboda, hao wawili ndo walionifikisha hapa, mkopo wa bodi nilipata lakini haukutimia kwa hiyo kaka ndo anajazia kila muhula. Nakueleza hivyo ili ujue nikikaa tu bila kusoma nakaa na mzigo gani kichwani.

Shida yangu ni hii Anti. Lekcha zinaanza saa mbili asubuhi, mchana tuna maabara au disekisheni, yaani kupasua maiti ili tujifunze, saa kumi tunatoka. Wenzangu wengine wanaenda maktaba moja kwa moja, wengine wana diskasheni, kuna wa kwaya, kuna wa darsa, kuna wa basketi, wapo wanaokimbia jioni mpaka daraja la Tanzanite na kurudi, na boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likiingia wikiendi wanashuka ufukwe wa Coco kula mihogo na mishkaki. Mimi siko kwenye kundi hata moja. Mimi naenda kucheza bao na wazee.

Mtaa wa pili kutoka hosteli kuna mkungu mkubwa, chini yake kuna benchi mbili na wazee sita saba wanakaa pale kila jioni, kahawa na kashata zinapita, wanacheza bao. Wiki ya tatu tu tangu nifike nilipita nikasikia kete zinavyogonga nikasimama. Bao nilifundishwa na babu yangu mzaa mama, ndo aliyenilea, alifariki nikiwa fomu faivu. Siku hiyo mzee mmoja aliniuliza we kijana unajua, nikamwambia kidogo, tukaingia namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete, kufika mtaji, hatua ya pili, nikamla nyumba yake, lile shimo lake kubwa, na yeye mwenyewe akapiga makofi. Tangu siku hiyo sijakosa. Waliposikia nasomea udaktari jina langu likaisha, ikawa dokta, dokta amekuja mpisheni dokta akae.

Mwanzo nilikuwa nakaa saa moja hivi, magharibi ikiadhiniwa narudi. Sa hivi natoka chuo saa kumi na nusu napita moja kwa moja mpaka saa mbili usiku, siku sita kwa wiki. Nikirudi nimechoka, nakula, najilaza na simu mpaka saa saba usiku, asubuhi naamka kichwa kizito. Nasoma ila nasoma slaidi, nazipitia hata mara nne. Brakial pleksasi kwa mfano, ule mtandao wa neva za mkono, mizizi 5, mashina 3, migawanyiko 6, kamba 3, neva kuu 5, nikiangalia slaidi naona naelewa kabisa, nikiifunga hakuna kitu.

Testi ya kwanza ya anatomia nilipata 61. Disekisheni ilikuwa bado haijaanza wakati ule. Testi ya pili 44 na fiziolojia 39, kwetu pasi ni 50. Mwenzangu wa chumba ni wa kwetu Kilwa, anakesha na vitabu mpaka saa tisa usiku, amempigia kaka akamwambia mdogo wako anashinda kijiweni. Kaka akanipigia, hakugomba hata, akasema tu mimi sikeshi barabarani ili wewe ucheze bao na wazee, akakata simu. Nimekaa na hayo maneno wiki ya pili sasa na jioni miguu inanipeleka kule kule.

Kuna kingine. Mzee mmoja pale ana kisukari, aliniita pembeni akanionyesha kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, akasema hakimuumi ila hakiponi, wiki ya tatu. Mimi nikajikuta namwambia achemshe maji atie chumvi aloweke mguu kila usiku. Hata sijui kwa nini nilisema vile, mama alikuwa anatufanyia hivyo tukikatwa na chupa. Juzi hosteli kaka mmoja wa mwaka wa nne alikuwa anaelezea miguu ya wagonjwa wa kisukari, kwamba inaweza kufa ganzi mtu akaungua na maji ya moto asijue, nikahisi jasho linanitoka. Sijamwambia mzee. Naenda nacheza naangalia mguu wake.

Na disekisheni, hili sijamwambia mtu. Kadava, yaani maiti, wa meza yetu ni mtu mzima, mzee. Siku tunaanza mkono nilishindwa nikatoka nikasema naumwa tumbo, kwa sababu ile mikono nimeiona kama ya babu, nilishika maji siku wanamuosha. Tangu siku hiyo nasimama nyuma wenzangu wanakata.

Anti naomba uniambie, niache bao kabisa? Au udaktari sio wangu?

Ni mimi, wa Kilwa

*

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana na hayo yote.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kabla ya bao, kabla ya kaka, kabla ya testi naanza na mguu wa mzee kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri wiki na mguu hausubiri. Kidonda kwenye mguu wa mtu wa kisukari, kisichouma na kisichopona wiki tatu, hicho ni cha kuonwa na mtaalamu haraka, kesho ikiwezekana, na kutokuuma kwake ndo kunakotisha maana neva zinaweza kuwa zimekufa ganzi na damu haifiki vizuri, uchafu ukiingia unapanda ndani kimya kimya, wapo waliopoteza mguu kwa kidonda kilichoanza hivyo hivyo. Wewe unajua hayo sasa. Nenda leo jioni, usikae kwenye benchi, mwite pembeni kama alivyokuita yeye. Mwambie "Babu, yale maji ya chumvi niliyokwambia nilikosea, mimi bado mwanafunzi, ya kutibu sijafundishwa. Naomba uache kuloweka na kesho nikusindikize kliniki." Kama ana kijana wake au mke naye aambiwe. Naelewa kinachokuuma ni kwamba ukishatamka "mimi bado mwanafunzi" lile jina la dokta linaweza kuanguka pale pale mbele ya benchi zima, nitalirudia baadaye kidogo. Ila hili tu ndo nakuambia fanya. Mengine yote yaliyobaki nitayazungusha na wewe, sitakukatia.

Sasa tukae.

Umeniuliza kama uache bao. Nimejaribu kuipanga barua yako kwa tarehe, si ulivyoiandika, nikaona kitu naomba na wewe ukiangalie. Kijiweni umeanza wiki ya tatu. Testi ya kwanza umepata 61, na wakati huo ulikuwa tayari unacheza bao. Ukiwa unarudi magharibi ulikuwa unafaulu. Halafu pakatokea kitu kimoja katikati, disekisheni ikaanza, ukaiona ile mikono, ukatoka nje na tumbo la kusingizia, na kuanzia hapo saa moja ya bao ikawa saa tatu na nusu na 61 ikawa 44. Mimi sio daktari na sikuwepo, naweza kuwa nimekosea kabisa, lakini nauliza hivi, je bao ndo limekushusha au umeshuka kwanza halafu ukakimbilia bao? Maana ni vitu viwili tofauti, na kama ni hicho cha pili basi ukiling'oa bao utabaki na kile kile unachokikimbia na hutakuwa na pa kukimbilia.

Na nikwambie nilipofika pale uliposema ulishika maji siku wanamuosha babu, niliweka barua chini. Mchana mwanangu unasimama mbele ya mkono wa mzee uliotulia, jioni unakaa mbele ya mikono ya wazee inayotembea, inayomwaga kete, inayokupigia makofi. Hakuna mtu atakayenishawishi kwamba huo ni uvivu. Sijui kama wewe mwenyewe uliwahi kuyaweka hayo mawili pamoja, ukiona sivyo yaache, wewe ndo unayejijua.

Hata hivyo sitakudanganya upande wa pili. Saa tatu na nusu kwa siku sita ni masaa 21 kwa wiki, hiyo ni karibu siku nzima usiku na mchana, na hakuna mwaka wa kwanza wa udaktari unaoweza kuvumilia shimo la ukubwa huo bila kitu kuanguka. Kaka yako hajakosea kushtuka. Ila kuna masaa mengine umeyataja kwa sentensi moja ukapita, ya simu, kuanzia umemaliza kula mpaka saa saba. Hayo hakuna aliyempigia kaka kuyasema, mwenzako wa chumba hayaoni maana umelala kitandani kama mtu aliyetulia. Ukiyahesabu hayapungui masaa ya bao, yanaweza hata kuzidi, na ndo yanayokula usingizi, na usingizi ndo ubongo unapopanga na kuhifadhi ulichosoma mchana. Nakuuliza tu, kati ya haya mawili ni lipi linakuacha na amani ukilimaliza? Nahisi najua jibu, lakini lijibu wewe.

Halafu huyu mwenzako anayekesha mpaka saa tisa. Umemleta kwenye barua kama kipimo cha mwanafunzi mzuri, lakini hukuniambia yeye amepata ngapi. Labda anafaulu sana, labda naye anapitia slaidi mara nne na kuogopa kulala. Tunapenda kupima bidii kwa taa iliyowaka na mtu anaweza kukaa na taa usiku kucha kichwa kimefunga. Wewe mwenyewe umenieleza vizuri sana namna unavyosoma kuliko ulivyojua, ukiangalia unaelewa, ukifunga hakuna kitu. Babu yako alikufundishaje bao? Nina hakika hakukukalisha pembeni ukaangalia mashimo 32 mpaka ukayakariri. Alikupa kete ukacheza ukafungwa ukacheza tena, na leo unakaa mbele ya watu wazima unahesabu bila kugusa kete zitakwenda zitaishia wapi. Hicho ni kichwa kinachoweza brakial pleksasi, ila ile pleksasi hujawahi kuicheza, umekuwa mtazamaji. Jaribu kufunga slaidi uchore kwenye karatasi mizizi mpaka neva, ukikwama chungulia, chora tena kesho yake, chora tena baada ya siku tatu bila kuangalia. Inakera zaidi kuliko kupitia slaidi kwa sababu unajiona hujui, na pale pale unapojiona hujui ndo pa kuanzia. Sikuahidi kwamba 44 itakuwa 70.

Sasa hizo njia zako nizipitie moja moja kwa sauti.

Ya kuacha kabisa. Ina faida, kaka atapumua, mwenzako atanyamaza, jioni zitarudi mikononi mwako. Hatari yake nimeigusa juu, na nyingine ni kwamba yule mzee wa kidonda atabaki na maji yake ya chumvi na wazee hawatajua dokta wao amepotelea wapi. Pia mtu anayeacha kitu kwa hasira ya kugombezwa mara nyingi hukirudia kwa kujificha, na kujificha kunakula kuliko kucheza.

Ya kuendelea hivi hivi hata wewe huitaki, vinginevyo usingeandika.

Ya kupunguza, urudi kwenye ile saa moja ya mwanzo au uchague siku mbili kwa wiki. Inavutia na wengi wangekuambia hiyo basi imeisha. Mimi nina wasiwasi nayo kidogo, kwa sababu nimekulia nyumba yenye bao, baba yangu alikuwa wa "huu wa mwisho" na sisi chakula kinapoa. Bao halina saa ndani yake, lina mchezo, na anayefungwa anataka kurudisha. Ukiichukua njia hii utahitaji kitu cha nje cha kukuinua pale kwenye benchi, iwe adhana ya magharibi kama mwanzo, iwe mtu anayekusubiri maktaba saa moja kamili, iwe ni hao wazee wenyewe uwaambie "Babu zangu nina mtihani, ikifika magharibi nifukuzeni." Wazee wakipewa kazi ya kumlinda kijana wanaifanya, tena kwa ukali. Naona hata heshima yao kwako haitapungua.

Na hapo ndo nirudi kwenye jina la dokta. Umeandika kichwa cha barua yako mwenyewe, kijiweni naitwa dokta darasani nashika mkia, nikaona hapo ndo palipo na kidonda chako wewe. Nadhani fomu siksi ulikuwa wa kwanza au wa pili, watu Kilwa walikujua, umefika darasa ambalo kila aliyekaa kwenye kiti alikuwa wa kwanza kwao. Inauma na hakuna anayeisema. Halafu jioni unapita mtaa wa pili unapishwa ukae. Nani asingependa? Mimi ningependa. Lakini hilo jina ndo lililokutoa yale maneno ya maji na chumvi, ulijikuta unajibu kwa sababu dokta anatakiwa ajibu. Kwa hiyo ukienda leo kumwambia mzee nilikosea utakuwa unalivua kidogo, na sijui utajisikiaje. Inawezekana ukajisikia mtupu. Inawezekana pia ukapumua, ukakaa pale kama mjukuu tu wa mtu anayejua bao, na benchi likakutosha hivyo.

Umeuliza kama udaktari sio wako. Sina uwezo wa kukujibu hilo na nakuomba na wewe usilijibu mwezi huu. Kijana anayetokwa jasho kwa kumpa mgonjwa ushauri mbaya, anayeangalia mguu wa mtu kila jioni kwa hofu, sijui kama huyo ndo wa kuambiwa aondoke. Na kumuona babu yako kwenye ile mikono ni kwa sababu ulimpenda, sio kwa sababu huna moyo wa kazi. Ila pia kusimama nyuma wenzako wakikata hakuwezi kuendelea, anatomia ya mkono utaulizwa na mkono ule ule. Mwambie mtu mmoja. Pale kwenye meza yenu, niamini, haupo peke yako, yupo mwingine asiyekula nyama siku hizi na hasemi. Vyuo vina mshauri wa wanafunzi na kazi yake sio sapu (mitihani ya marudio) na disko (kufukuzwa masomo) peke yake, na mwalimu wa disekisheni ameona wanafunzi wakitoka nje miaka yote, hutakuwa wa kwanza. Kuna hatari utajisikia umejidhalilisha, hilo silifichi. Ila kuanza kwa kusogea hatua moja mbele pale mezani, ukamsomea yule mzee dua yako kimoyomoyo kabla hujamgusa, kama ungemfanyia babu, labda kunaweza kusaidia. Hilo ni wazo langu tu, wewe utaona kama linakaa.

Na kaka. Maneno aliyokwambia ni ya mtu aliyeogopa, alikata simu kabla hujasikia sauti yake ikibadilika. Yeye anajua bao tu kwa sababu ndo alichoambiwa. Hajui 44, hajui mikono ya babu, na babu alikuwa wake pia, huenda naye ana yake kuhusu siku ile ambayo hamjawahi kuongea. Ukimpigia ukampa ahadi ya "nimeacha kaka" ataridhika leo. Ukimweleza lote atahangaika, pengine atamwambia na mama, pengine usiku huo hatafanya kazi vizuri. Sijui lipi ni bora kwenye familia yenu, mnajuana nyie. Mwenzako wa chumba usimkasirikie sana, alichofanya sikipendi ila mtu wa kwenu akikuchungulia ni kwa sababu anaogopa kurudi Kilwa bila wewe.

Nimeandika sana. Jioni hii ni mguu wa mzee tu, hayo mengine yachukue polepole, uyageuze kama unavyogeuza shimo kabla hujanamua. Na siku mkifika kliniki mzee akikuita dokta mbele ya daktari mwenyewe, angalia moyo wako unafanya nini hapo, halafu uniandikie hilo.

Wako,
Anti